Kuzunguka Mawe Yaliyosimama ya Chiricahua kwa Siku Moja: Mwongozo Kamili

Kila baridi inapopungua, wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Tucson na Phoenix huanza kuulizana habari za Chiricahua, hifadhi ya milima na nguzo za mawe kusini mashariki mwa Arizona, na wengi waliokwisha kwenda husimulia kisa kilekile. Walifika, wakapiga picha kando ya gari, wakateremka korongoni kwa furaha, kisha maji yakawaishia na wakarudi bila kuiona sehemu yenye mawe ya ajabu kuliko yote. Wapo pia waliojikuta wametokea kwenye kituo cha wageni kilicho chini bondeni, ilhali gari wameliacha juu mlimani.

Tatizo lao si uvivu. Milima mingi tunayoijua huanza kwa kupanda na kumalizika kwa kushuka, lakini Chiricahua hutembewa kinyumenyume. Gari hukufikisha hadi karibu na Massai Point, mwisho wa barabara ya hifadhi, mita 2,094 juu ya usawa wa bahari, na hatua zako za kwanza ni za kuteremka. Mpando unakungoja baadaye, wakati jua limeshapanda na chupa zimeshapungua uzito. Kwa hiyo hesabu ya maji, ya muda na ya nguvu za watoto ianzie mwisho wa safari na kurudi nyuma hadi mwanzo wake.

Mwongozo huu unahusu mzunguko mkubwa uitwao Big Loop, wenye maili 9.5, yaani kilomita 15 na kidogo. Asiyeyaweza yote atapata njia fupi katika hatua ya 3.

## Vitu vya kuandaa

Maji, lita 4 kwa kila mtu mzima. Njiani hakuna bomba hata moja, na vijito vya korongoni hukauka kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtoto wa miaka kumi ahesabiwe lita 3, na ukubali kwamba nusu yake utaibeba wewe. Gawa maji katika chupa kadhaa badala ya dumu moja, ili ikivuja moja usipoteze yote.

Chumvi na sukari. Anayekunywa maji matupu mchana kutwa huku akitokwa na jasho anaweza kuumwa kichwa na kutapika ingawa chupa yake bado imejaa. Beba pakiti za ORS, au changanya nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa.

Viatu vilivyofunga mguu, vyenye soli ya meno. Njia imefunikwa na changarawe laini inayomeguka kutoka kwenye mwamba, nayo huteleza kama mtama uliomwagika juu ya sakafu ya saruji. Raba iliyolika soli haifai. Kandambili zibaki garini, zitakupendeza jioni.

Chakula cha chumvichumvi kisichoharibika. Chapati, mayai ya kuchemsha, karanga na tende vimetutosha kila mara. Ndani ya hifadhi hakuna mkahawa wala duka la vyakula.

Kofia pana na khanga au kitenge. Kitambaa kikilowanishwa kidogo na kufungwa shingoni hupoza mwili kuliko feni ndogo za mkononi.

Vitu vidogo: ramani ya karatasi, ambayo hupatikana kituo cha wageni, tochi ya kichwani, filimbi, kibano cha kutolea miiba, plasta, na koti jepesi hata kama asubuhi ni ya joto. Simu haishiki mtandao katika sehemu kubwa ya hifadhi, hivyo ramani ya simuni iwe imepakuliwa kabla ya kuondoka mjini.

Kitambulisho na hati za ukaazi. Hifadhi iko kusini mashariki mwa Arizona, si mbali na mpaka wa Mexico, na barabara za ukanda huo huwa na vizuizi vya askari wa mpakani. Sheria ya Marekani inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 18 na zaidi atembee na hati yake ya usajili. Usiiache nyumbani kwa kuogopa kuipoteza.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua saa

Miezi mizuri ni Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Novemba. Desemba hadi Februari theluji na barafu huganda kwenye korongo la Echo, hasa upande usiofikiwa na jua, na ngazi za mawe hugeuka kioo.

Kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Septemba ni msimu wa mvua za radi. Asubuhi anga huwa safi kabisa, mawingu hujikusanya mchana, na kufikia alasiri mgongo wa mlima unapigwa radi. Katika miezi hiyo fanya mzunguko mfupi tu, na uwe umerudi kwenye gari kabla ya saa sita mchana.

Anza kutembea saa moja asubuhi. Hapa naomba uniwie radhi nikumbushe jambo ambalo kwa wengine litaonekana la kitoto. Unapoupanga mwendo na vijana waliokulia Marekani, andika saa kwa namna zote mbili. Kundi letu liliwahi kumsubiri kijana mmoja aliyesoma ujumbe wa "tukutane saa moja" akaelewa saa saba mchana, na alipopokea simu alikuwa bado amelala.

Jambo jingine ni kwamba Arizona haibadilishi saa zake kama majimbo mengi ya Marekani. Mgeni anayetoka jimbo jirani la New Mexico ahakikishe simu yake imeshika saa ya Arizona.

Dalili kwamba umepanga vizuri: ukihesabu saa 7 kutoka muda wa kuanza, unaangukia saa nane mchana, na bado una saa tatu au zaidi za mwanga kama akiba.

## Hatua ya 2: Jaza mafuta Willcox, jaza maji kituo cha wageni

Kutoka Tucson shika barabara kuu ya I-10 kuelekea mashariki hadi Willcox, kisha barabara ya 186, halafu ya 181 inayokufikisha langoni. Safari yote huchukua kama saa mbili. Jaza tangi Willcox, kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta. Kiingilio hakitozwi.

Simama kituo cha wageni, maili 2 kutoka langoni. Jaza chupa zilizopungua, watu wote waende msalani, chukua ramani, na umuulize askari wa hifadhi mambo matatu: hali ya hewa ya mchana, njia zilizofungwa, na kama siku hiyo kuna basi dogo la kupandisha watembeao.

Kutoka hapo barabara hupanda kwa kona kali maili 6 nyingine. Mwenye tumbo jepesi akae kiti cha mbele. Egesha kwenye maegesho ya Echo Canyon, kabla tu ya kufika Massai Point, si Massai Point penyewe, kwa sababu mzunguko huanzia na kuishia Echo Canyon na jioni hutatamani kuongeza hata hatua mia mbili.

Onyo: vibao vyote vya njia vimeandikwa kwa maili. Ukisoma 1.6 ukadhani ni kilomita, umejipunja kilomita nzima. Zidisha kila tarakimu kwa 1.6.

## Hatua ya 3: Teremka Echo Canyon bila kukimbia

Njia ya Echo Canyon ina maili 1.6 na yote ni mteremko. Ndani ya dakika chache utapita katikati ya nguzo za mawe zilizosimama wima, nyingine nyembamba kiunoni na nene kichwani, zikiwa zimesongamana kiasi kwamba njia inapenya kama kichochoro cha Mji Mkongwe. Aliyewahi kuziona nguzo za Isimila karibu na Iringa atapata picha, ila za huku si udongo. Ni jivu la volkano lililolipuka takriban miaka milioni 27 iliyopita, likashikamana kuwa mwamba, likapasuka kwa wima lilipokuwa likipoa. Maji na barafu vimezidi kuzipanua nyufa hizo hadi leo.

Nyufa hizo ndizo zinazoeleza kwa nini hupaswi kupanda juu ya nguzo wala kuegemea jiwe lililokaa juu ya jingine. Mwamba unaendelea kumeguka, na kipande kilichokaa miaka mingi hakikuahidi kukaa leo.

Kosa la hatua hii ni mbio. Mteremko unadanganya magoti, na watoto hukimbia kona baada ya kona huku changarawe ikiteleza chini yao. Weka mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Shuka kwa hatua fupi, goti likiwa limekunjwa kidogo, unyayo mzima ukigusa chini. Kunywa maji kidogo kila baada ya dakika 20 hata kama huna kiu.

Mwisho wa njia hii utafika njia panda ya kwanza, ambapo kibao kinaonyesha Hailstone upande mmoja na Upper Rhyolite upande mwingine. Hapa pima kundi lako kwa ukweli. Ikiwa mtu mmoja ameshalalamika goti, au maji ya mtu yeyote yamepungua zaidi ya robo, shika Hailstone, kisha Ed Riggs, nanyi mtarudi kwenye gari mkiwa mmetembea maili 3.3 tu, kama kilomita 5. Ni mzunguko mzuri wenyewe, na sioni aibu yoyote kuuchagua. Wengine huuingia bila kujua, kwa kufuata watu waliotangulia, na hushangaa kuliona gari lao kabla ya saa nne.

Dalili ya mafanikio: mmefika njia panda ndani ya saa 1 na robo, hakuna aliyeanguka, na kila mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema.

## Hatua ya 4: Upper Rhyolite, na njia panda inayowapoteza wengi

Sasa mnateremka maili 1.1 zaidi, katika korongo lenye miti. Tazama mtarakwa wenye gome lililokatika vipande vya mraba, mithili ya ngozi ya mamba. Kuna pia jamaa za mkonge, zenye ncha kali kama sindano ya kushonea magunia, na mipungate iliyojificha kwenye nyasi. Usikae chini kabla ya kutazama, na usichomeke mkono kwenye nyufa za mawe, ambamo nyoka hupumzika.

Nyoka wa kuhofiwa ni yule mwenye njuga mkiani. Ukisikia mlio mkavu kama wa kunde zinazotikiswa ndani ya kibuyu, simama, mtafute kwa macho, kisha rudi nyuma taratibu. Akimuuma mtu, mtulize, mvue pete na saa, usimkate, usimfyonze, usimfunge kamba. Wale wanaoamini jiwe jeusi la nyoka nawaomba wasipoteze muda nalo: dawa iko hospitalini, na kazi yenu ni kupata msaada haraka kwa kumtuma mtu mahali penye mtandao apige 911.

Chini kabisa mwa korongo ndipo penye njia panda ya pili. Kibao kimoja kinasema Lower Rhyolite, kingine Sarah Deming. Sikiliza vizuri: Lower Rhyolite inaendelea kushuka kwa ulaini, ina kivuli, na inakutoa kituo cha wageni baada ya maili 1.5. Mwili utaitaka. Lakini gari liko juu, na kutoka kituoni hadi huko ni kama kilomita 10 za barabara ya kupanda.

Njia hiyo inafaa tu ikiwa mmeacha gari la pili chini, au mlipandishwa na basi la hifadhi asubuhi. La sivyo, geukeni Sarah Deming.

Kabla ya kugeuka, fanyeni hesabu. Hapa ndipo mahali pa chini kuliko pote kwenye mzunguko, na iwapo mnataka kukata safari, hapa ndipo pa mwisho pa kuamua kwa urahisi. Kila mtu mzima awe na lita 3 au karibu yake, na saa isiwe imepita tatu na nusu asubuhi. Likikosekana mojawapo, rudini mlikotoka polepole, mkipumzika kivulini.

## Hatua ya 5: Panda Sarah Deming kwa mwendo wa mzee

Maili 1.6 zinazofuata ndizo ngumu kuliko zote, na sehemu zake nyingine hazina kivuli. Mtindo unaofaa ni mmoja tu, kutembea polepole bila kusimama mara kwa mara. Anayekwenda kasi kisha akasimama dakika tano, kisha tena kasi, huchoka maradufu, na akisimama juani hapumziki hata kidogo.

Nawashauri mweke mbele mtu mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote. Sisi humweka mama mmoja wa makamo ambaye huimba chinichini, na kanuni yetu ni kwamba asiyeweza kuitikia anakwenda kasi mno.

Wanaotoka mjini Tucson, wenye mita 700 hivi tu juu ya bahari, wataona pumzi inakatika mapema kuliko walivyozoea. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni mtu kuacha kutokwa jasho, kuchanganya maneno, kuyumba au kutapika. Huyo mpelekeni kivulini mara moja, mlazeni, mvueni nguo za juu, mwageni maji mwilini na mpepeeni kwa khanga, huku mtu mwingine akienda kutafuta msaada. Usimwambie ajikaze.

Dalili ya mafanikio: mnafika kibao cha Heart of Rocks kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mkiwa na zaidi ya nusu ya maji.

## Hatua ya 6: Zunguka Heart of Rocks yote, si nusu

Hapa ndipo mahali mlipopafuata. Ni mzunguko mdogo wa maili 1 na kidogo, unaopanda na kushuka kwa ngazi zilizochongwa mwambani, na ndani yake mawe yamepewa majina kwenye vibao vidogo. Duck on a Rock ni bata aliyetulia juu ya jiwe lake. Punch and Judy ni vichwa viwili vinavyogombana uso kwa uso, na hatua chache mbele Kissing Rocks wamegusana midomo. Camel's Head hahitaji maelezo kwa mtu wa pwani. Pinnacle Balanced Rock amesimama juu ya shingo nyembamba kiasi kwamba mtu hujikuta akinong'ona anapopita karibu naye.

Wengi huona mawe matatu ya mwanzo, hudhani wamemaliza, na kurudi walikotoka. Endelea mpaka uione tena njia panda uliyoingilia. Tembea polepole, na ugeuke nyuma kila baada ya hatua thelathini hivi, kwa sababu jiwe lililoonekana gogo tupu ukilikaribia huwa na sura kamili ukilitazama kutoka upande wa pili.

Usiache njia kutafuta picha. Vichochoro baina ya nguzo vinafanana mno, na mtu akikata kona mbili hawezi tena kujua alikotokea. Mkipotezana, aliyepotea asimame alipo na apulize filimbi mara tatu, anyamaze, kisha arudie.

Kuleni hapa, kwenye kivuli. Nusu saa inatosha. Mabaki yote, hata ganda la yai, yarudi ndani ya mfuko.

## Hatua ya 7: Mgongo wa mlima, kabla ya mawingu

Njia ya Big Balanced Rock, maili 1, hupita juu ya mgongo wa mlima ulio wazi. Jiwe lenyewe liko mwanzoni, kando ya njia, bonge kubwa linalokisiwa kuwa na uzito wa tani 1,000, limekaa juu ya kitako kidogo kama mtungi juu ya kata.

Mbele kuna mchepuko wa kwenda Inspiration Point, nusu maili kwenda na nusu kurudi. Ukitazama kutoka ukingoni, unaliona korongo la Rhyolite likiwa chini yako. Nenda ikiwa saa haijafika sita na nusu, maji yanazidi lita 1 kwa kila mtu, na hakuna wingu jeusi. Vinginevyo pita, kwani mzunguko bila mchepuko huu unabaki na maili 8.5.

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Zikipungua 30, shukeni kutoka mgongoni haraka mnavyoweza bila kukimbia. Msijibanze chini ya mti uliosimama peke yake, wala kwenye kitako cha nguzo, wala mlangoni mwa pango. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

## Hatua ya 8: Mushroom Rock na deni la mwisho

Njia ya Mushroom Rock inateremka maili 1.2, na watu hushangilia wakidhani wamefika. Bado. Inapokutana na Ed Riggs, mzunguko unakudai mpando wa mwisho, chini ya maili 1, hadi maegeshoni. Ni mpando wa wastani, lakini magoti yameshachoka, na changarawe ni ileile ya asubuhi.

Kwa sababu hiyo, weka nusu lita ya maji usiyoigusa mpaka ukione kibao cha Ed Riggs. Gawa ORS iliyobaki hapo, kila mtu anywe, ndipo mpande.

Dalili ya mafanikio: mko kwenye gari kati ya saa nane na saa tisa na nusu mchana, na mkojo wa kila mtu ni wa rangi ya maji ya limau, si ya chai.

## Kabla ya kuwasha gari

Hesabu watu, kisha hesabu tena watoto. Kagueni nyayo na mikono kwa miiba na muitoe kwa kibano wakati bado kuna mwanga, kwani mwiba wa mpungate ukilala nao usiku utauona umevimba asubuhi. Aliyetembea siku nzima asishike usukani akiwa amelegea. Dereva apumzike dakika 20, ale kitu, anywe chai ya termosi.

Barabara za 181 na 186 hupita kwenye malisho, na ng'ombe wengine hawazuiwi na uzio. Magharibi inapoingia, punguza mwendo. Akivuka ng'ombe mmoja mbele yako, usiongeze mafuta mara moja: subiri kidogo, ndama wake huenda bado yuko upande ule mwingine.